Mtoto Amesema Ni Baba

Kazi yangu imeniharibu, na sioni haya kulisema. Nikiingia kwenye boma la watu nikakuta uwanja umefagiliwa vizuri mno, najiuliza ni nani aliyewapigia simu kwamba nakuja. Nikikaribishwa chai kabla sijakaa, nashuku. Mtoto akivaa sweta jua la saa nane, nashuku zaidi. Akiwa mtulivu kupita kiasi nashuku, na akinirukia kunishika mkono kana kwamba tunajuana miaka mingi, nashuku vilevile. Hata kanisani kwetu Wasabato, Jumamosi, watoto wakiitwa mbele waimbe, macho yangu hayako kwenye midomo yao, yako kwenye magoti na viwiko. Dada yangu alishaniambia nisiende kwake tena na hayo macho ya ofisini.

Kazi yenyewe ni kuwafuatilia watoto wa nyumba zenye vipigo. Kwenye barua za shirika cheo changu ni kirefu, kuna ustawi na kuna familia ndani yake, lakini vijijini wananiita madam wa watoto na yanaishia hapo. Naenda shuleni, naenda nyumbani, naongea na mtoto, naongea na wazazi, naandika, kisha nakaa na afisa wa watoto wa serikali tuamue mtoto alale wapi. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi.

Ofisi yetu iko Kisii mjini, orofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi iliyopo hapa tangu enzi za babu yao. Mama mwenye duka amezaliwa Kisii, na Kikisii chake kimenyooka kuliko changu, jambo linalomfurahisha sana. Mimi nimelelewa Nyanchwa, mlimani pale, nyumba ya walimu wawili. Mezani tuliongea Kiswahili na Kiingereza, Kikisii tulikiacha kwa nyanya tukienda likizo. Kila nikipita mlangoni kwa huyo mama na kumsalimia, ananijibu kwa maneno marefu ambayo nafika nusu yake nimepotea. "Wewe Kikisii chako ni cha wageni," ananiambia. "Ukitaka masomo, njoo saa ya chai." Nami nacheka, napanda ngazi zangu. Nilikuwa naona ni utani tu.

Sasa mtoto. Alikuwa msichana wa miaka sita, gredi ya kwanza, shule moja upande wa Nyacheki, kule majani chai yanakotelemka hadi mtoni. Mwalimu wake aliniita asubuhi moja baada ya kumwona anaandika kwa mkono wa kushoto, ilhali wiki iliyopita alikuwa anaandika kwa wa kulia. Mwalimu yule namheshimu mpaka leo, maana wengi hawaoni. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimeungua, ngozi imevimba na kutoa maji, na mtu alikuwa ameipaka dawa ya meno.

Familia ile nilikuwa naijua, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Miaka miwili kabla, baba wa mtoto alikuwa amempiga mkewe mpaka akamvunja mkono. Kesi ile niliishika mimi. Nilikaa na mama yule hospitalini akifungwa plasta, nikamshika ule mkono mzima. Baadaye akajiunga na kikundi chetu cha wazazi, akawa nguzo: anafika wa kwanza, anaongoza nyimbo, anawaambia wenzake wasiwaguse watoto. Mume naye alipelekwa kwenye mafunzo ya wanaume, akakaa kiti cha nyuma miezi sita bila kufungua mdomo. Kwenye faili niliandika kwamba anahudhuria. Kichwani mwangu nilimwandika mengine.

Kwa hiyo nilipoviona vile vidole, nilikuwa nimeshamjua mwenye kosa kabla mtoto hajasema neno.

Tuliongea kwenye chumba cha vitabu, mimi na mtoto, mwalimu amekaa mlangoni. Tuliongea Kiswahili. Shule ile mtoto akikamatwa anaongea lugha ya nyumbani anavishwa kibao shingoni, anatembea nacho mpaka amkamate mwenzake wa kumvisha, na msichana huyu alikiogopa kibao kuliko alivyoniogopa mimi. Nikamchorea mkono kwenye karatasi, akaonyesha ni wapi palipoungua. Nikamuuliza kilichomchoma ni nini. Akasema kijiko. Kijiko kiliwekwa kwa moto, akasema, kwa sababu alikula sukari. Nikamuuliza aliyekishika kijiko ni nani.

"Baba," akasema.

Tumefundishwa kuuliza mara mbili bila kumwekea mtoto neno mdomoni. Nikauliza tena.

"Baba."

Nikaandika. Kalamu haikusita hata kidogo. Kwa kweli nilihisi raha, raha ya mtu aliyeshuku halafu akapata. Naona aibu kuitaja, lakini ilikuwepo.

Kesho yake nikamkuta mume kwenye ofisi ya chifu, alikoitwa. Alikuwa ametoka kupeleka majani chai kituo cha kuuzia, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Tukakaa kwenye benchi la nje. Niliamua kumsemesha kwa Kikisii, kumpa heshima, na pia kumlegeza, maana mtu hulegea kwa lugha yake. Nikamweleza pole pole kwamba nimeongea na mtoto, kwamba vidole nimeviona, na kwamba mtoto amesema aliyemchoma ni baba. Neno hilo nililitaja vilevile lilivyokaa kwenye daftari langu.

Akainamisha kichwa. Akawa anabandua utomvu kwenye kucha.

"Basi amesema," akajibu. "Mimi nilimwambia asiseme."

Nikafungua daftari. "Ulimwambia asiseme?"

"Nilifikiri tutamaliza nyumbani. Sikutaka mambo ya polisi tena." Kisha akauliza, "Sasa atafungwa?"

Nilimsikia vizuri. Hakusema nitafungwa, alisema atafungwa. Na mimi, bingwa wa kushuku, nikapata maelezo papo hapo: wanaume wenye hatia nimewasikia mara nyingi wakijisema wenyewe kana kwamba wanamsema jirani. Nikaandika kwamba anajitenga na kosa lake. Nilijiona nimeandika jambo la maana sana.

Kikao kilikaliwa wiki ile ile kwa afisa wa watoto. Tulikuwa watu watano: afisa, mume, mke, mimi, na polisi mmoja wa dawati la jinsia. Afisa si mtu wa huku, kwa hiyo yote yalikwenda kwa Kiswahili. Nikasoma ripoti yangu. Nilipofika pale pa mtoto amesema ni baba, mke aliinua macho akaniangalia. Aliniangalia usoni kabisa, akakawia, kisha akayashusha macho kwenye mapaja yake. Nikajua ni uchungu. Nikamsogezea karatasi laini za kufuta machozi, ingawa machozi yenyewe sikuyaona.

Afisa akasema mtoto atakaa na mama yake. Mama aondoke naye Nyacheki, aende Birongo aliko dada yake, na mume asikanyage huko mpaka kesi isikizwe. Mume akasimama.

"Na mama yake? Kwa nini na mama yake?"

"Kaa chini," polisi akamwambia.

"Lakini si mtoto amesema?"

"Amesema," nikamjibu mimi, na nilimjibu kwa ukali. "Na wewe umekubali."

"Nimekubali nini?"

"Kwamba ulimwambia asiseme."

"Ndiyo, nilimwambia asiseme. Lakini mimi sikumchoma."

Afisa akatikisa kichwa, akaandika. Wote ndivyo wafanyavyo, wanakubali kwenye benchi na kukana kwenye kikao. Mtu aliyemvunja mkewe mkono hakuwa na wa kumsikiliza chumbani mle, na mimi ndiye niliyehakikisha kila mmoja anaukumbuka mkono ule. Akakaa. Aliniangalia kana kwamba nimerukwa na akili, na hilo pia nikalitia kwenye ripoti, kwamba ana dharau.

Fomu zetu zinataka mtoto aliyehamishwa atembelewe ndani ya wiki moja. Mimi nilikwenda siku ya kumi na moja. Kulikuwa na kesi nyingine Nyamira, kisha mafunzo, kisha mvua. Hizo ndizo sababu nilizoandika. Ukweli ni kwamba sikuharakisha kwa sababu sikuwa na wasiwasi. Mtoto alikuwa kwa mama yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa nimemwamini mtu, na moyo ulipumzika.

Ilikuwa siku ya soko Birongo. Mama alikuwa amekodi chumba nyuma ya maduka, jirani na dada yake, na mbele anauza vitunguu na nyanya. Wa boda boda aliniacha karibu na kinu cha kusaga, nikamalizia kwa miguu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Nilikaribishwa chai kabla sijakaa, chai ya maziwa mazito, na mkate umepakwa siagi. Nikapokea, nikashukuru, nikanywa. Tukaongea habari za kikundi. Akaniuliza sasa nyimbo zinaongozwa na nani. Nikamwambia hakuna kama yeye.

Mtoto alikuwa nje na msichana wa jirani. Akaja mlangoni, akasimama nusu ndani nusu nje, hakuniangalia. Alitaka ruhusa ya kwenda bombani kuchota maji na mwenzake, na aliiomba kwa Kikisii, kwa sauti ndogo.

"Baba," akaanza, ndipo akasema anachotaka.

"Nenda," mama yake akamjibu. "Usikawie."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikirudisha mezani.

Kwa asiye wa huku nieleze. Kwa Kikisii cha nyumbani, baba ni mama. Yaani aliyekuzaa, mzazi wa kike, ndiye unayemwita baba. Wa kiume ni tata. Kila Mkisii anajua hilo, na mimi nalijua. Nyanya yangu alimwita mama yake baba hadi alipomzika. Lakini sisi kule Nyanchwa tuliita mami na dadi, na siku hizi nyumba nyingi zimechukua Kiswahili, baba akawa mwanamume, kwa hiyo neno lina watu wawili ndani ya kijiji kimoja. Ukitaka kujua nyumba fulani inamaanisha yupi, inabidi uulize. Ni swali fupi tu: baba ni nani? Mimi ninayemshuku hata mfagia uwanja sikulishuku neno lililotoka kwa mtoto wa miaka sita, aliyebanwa kusema lugha ya shule huku akifikiri kwa lugha ya kwao.

Nikiwa nimekaa pale yote yakanirudia. Benchi la chifu, na yule mwanamume akiuliza kama atafungwa. Alikuwa anamuulizia mkewe. Kikao, na yeye akisimama kuuliza kwa nini mtoto apelekwe kwa mama yake. Yale macho yaliyoniangalia yakakawia. Mume, tangu pale kwenye benchi nilipomsemesha kwa Kikisii, alisikia nimemtaja mkewe. Mke alisikia nimekosea. Mimi niliyesoma ripoti ndiye sikusikia kitu.

Nikamwambia mama natoka kumwona mtoto. Akasimama haraka. "Kaa, nitamwita," akasema. Nikamwambia akae yeye.

Bombani mtoto alikuwa ameshika mtungi kwa mkono wa kulia, makovu mapya yanang'aa. Wa kushoto ulikuwa ndani ya sweta, mkono wa sweta umevutwa hadi ukapita vidole. Na jua lilikuwa linawaka. Nikapiga magoti kwenye tope, nikamuuliza kwa Kikisii, hiki cha wageni, kama naweza kuona. Akatazama mlango wa chumba chao. Halafu akapandisha sweta. Nilichokiona kimeandikwa hospitalini, sina haja ya kukirudia hapa.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Baba."

"Baba ni nani?"

Swali hilo halikumwingia. Mtoto ana mmoja tu. Akanyanyua kidevu kuelekea mlangoni, ambako mama yake alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Kisha akaongeza kwa Kiswahili cha darasani, neno kwa neno, labda akidhani mara ya kwanza alikuwa ameikosea lugha:

"Nilikuambia, madam."

Mama hakukimbia. Nilipompita nikiwa nimembeba mtoto, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ripoti uliisoma mwenyewe. Mimi nilinyamaza tu." Ningependa kusema nilimchukia. Nilimkumbuka hospitalini na plasta yake, nikaelewa kwamba kipigo kile hakikupotea, kilitafuta mtu mdogo zaidi. Kesi yake iko mahakamani na ana mshauri wake, si mimi. Niliomba nisipewe.

Kwa mume nilikwenda mwenyewe, Nyacheki, bila kutumwa. Nilimwomba msamaha kwa Kikisii, halafu nikarudia kwa Kiswahili ili niwe na hakika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani unajua," akasema. "Wewe si mtoto wa hapa?"

Nilimwambia tu kwamba hata yeye alikosea kumnyamazisha mtoto, na akakubali, akasema alikuwa na deni kwa mkewe kwa ajili ya ule mkono, akaona alilipe kwa kunyamaza. Alilipa kwa vidole vya mtoto, nikamwambia.

Mtoto sasa anaishi naye, pamoja na shangazi. Naenda kila wiki, fomu itake isitake. Na bado namshuku, sifichi. Kukosea kwangu hakujaufanya ule mkono wa mkewe usiwe umevunjika. Naangalia uwanja, naangalia sweta, nauliza jikoni nani anapika. Nimeanza pia kwenda dukani chini saa ya chai. Nilipomsimulia yule mama wa vitambaa, nilitegemea atacheka, lakini alinivutia kiti akaanza kunifundisha majina ya watu wa nyumbani, moja moja, kama mtoto wa chekechea.

Mikono ya msichana imepona, ila kidole kimoja cha kushoto hakikunjiki vizuri. Ameanza tena kuandika kwa mkono wa kulia, na mwalimu anasema darasani anaongea kama wenzake. Mtu ambaye hataki kuongea naye ni mimi tu. Nikimuuliza kitu, ananyoosha kidole.

Juzi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, nikakaa kando yake. Baba yake alikuwa anamwaga majani kwenye gunia upande wa pili wa uwanja. Nikamuuliza, kwa Kikisii nilichokifanyia mazoezi njia nzima, ni nani anayemwogesha jioni. Akanyoosha kidole. Shangazi yake alikuwa anapita upande uleule na ndoo, na mimi nikataka kuwa na hakika, nikamuuliza anamaanisha nani.

Aliguna, kama wanavyoguna watoto wakichoshwa na mtu mzima. Akainuka, akasimama mbele yangu, akanishika kidevu kwa ile mikono yake miwili, akanigeuza uso mpaka nikaangalia pale alipotaka niangalie, kwa shangazi na ndoo yake. Hakuniachia mara moja. Alinishikilia hivyo hivyo, akingoja mpaka awe na hakika nimeona.